Mikono ya Pingu Namba Kumi na Saba

Jumanne moja saa nne asubuhi Debra alikuwa akimalizia kucha za mteja, rangi ya zambarau, katika kibanda chake kwenye orofa ya pili ya jengo moja karibu na Barabara ya Tom Mboya. Mzee aliyevaa koti la kitani aliingia, akaketi kwenye kiti cha plastiki na kusubiri zamu yake. Zamu ilipofika hakunyoosha mkono. Aliuliza tu kama huwa anatengeneza kucha za wanaume.

"Natengeneza za mtu yeyote, mzee. Leta mkono."

"Si yangu. Iko nyumbani Kilimani. Ni mikono hamsini na tisa."

Debra alidhani ni kamati ya harusi. Kilichomkwaza ni hesabu, kwa sababu hamsini na tisa haigawanyiki kwa mbili.

"Kuna mtu ako na mkono mmoja?"

"Alikuwa na miwili," mzee alisema. "Mmoja aliuchomoa akaenda nao."

Mzee huyo aliitwa Clifford Kiragu. Alikuwa amestaafu kazi ya bima, na kwa miaka ishirini alikuwa akikusanya pingu za kale. Mambo yalianza na sanduku la babu yake, aliyekuwa chifu upande wa Dagoretti siku za hali ya hatari, wakati wa ukoloni. Ndani ya sanduku mlikuwa na koti la kaki, filimbi, na pingu kumi na nne zilizofungwa pamoja kwa kamba kama fungu la vitunguu. Nyingine alizinunua kidogokidogo, kutoka kwa wajane wa askari jela na kwenye minada ya ng'ambo. Alipenda uzito wake kiganjani. Alipenda namba zilizopigwa kwenye chuma, na mlio wa jino la kufuli likikaa mahali pake. Zaidi ya yote alipenda ule weusi laini ambao chuma huupata kwa kuguswa na ngozi miaka mingi. Weusi huo, alimweleza Debra ndani ya teksi, hauigiziki. Mafundi wamejaribu kwa oili ya gari, kwa majani ya chai, hata kwa mkojo wa ng'ombe.

"Haitoki," alisema. "Inataka jasho ya mtu."

Nyumba yake ilikuwa orofa ya saba, na ukuta mmoja wa sebule ulikuwa umepangwa pingu thelathini na moja, kila moja na msumari wake, namba yake ya shaba, taa yake ndogo na kadi ya maelezo. Kutoka ndani ya pingu ilitoka mikono. Iliishia sentimita chache nyuma ya chuma, na pale ilipoishia hapakuwa na jeraha wala damu. Iliisha tu, kama barabara inavyoisha mahali serikali ilipoishiwa na lami. Mingine ilikuwa imetulia. Mingine ilikuwa ikikunakuna vifundo vyake. Yote ilikuwa na kucha ndefu.

Ilikuwa imeota mwezi wa nne, Jumapili moja baada ya mvua kubwa. Nasimiyu, mfanyakazi wa nyumba, ndiye aliyeiona kwanza, alipokuwa akipangusa vumbi na mkono mmoja ukampokonya kitambaa ukaanza kupangusa wenyewe. Alimweleza mwajiri wake kwamba mikono imeota na kwamba unga umeisha. Kucha zilipoanza kurefuka alisema waziwazi kwamba yeye aliandikwa kazi ya nyumba, si ya watu, na ndipo Kiragu akaenda mjini kutafuta mtaalamu.

Debra aliweka vifaa vyake kwenye meza ya kahawa: mkasi, tupa, mafuta, beseni la maji ya vuguvugu. Alianza na namba moja.

Wiki za kwanza alisikia mengi kuhusu pingu, kwa sababu Kiragu alipenda kuongea akiwa na mtu anayefanya kazi. Kulikuwa na kundi la wakusanyaji kwenye simu, watu wa Nairobi, Nakuru, na wengine wa Ulaya, na kundi hilo lilikuwa limegawanyika. Wengine walishikilia kwamba mikono ni nyongeza iliyokuja baadaye, na kitu chochote kilichoongezwa hushusha thamani. Wengine walisema mikono ndiyo cheti chenyewe. Hoja hiyo ya pili ilishinda siku ilipojulikana kwamba pingu ya Alkarim wa Parklands, aliyoinunua ng'ambo ikiwa na karatasi zote na mihuri yote, haikuwa imeota hata ukucha mmoja. Alkarim alitoka kwenye kundi kwa wiki mbili. Tangu hapo mtu akitangaza pingu za kuuza, swali la kwanza lilikuwa kama zina mikono, na la pili kama ina joto.

Kiragu mwenyewe alikuwa na moja isiyoota kitu, namba thelathini. Aliigeuzia uso ukutani.

Debra alijifunza kila mkono na tabia yake. Namba nne ulikuwa ukikunjua kiganja kila alipokaribia, mpaka akaelewa unataka ugoro. Alimwomba mama mmoja wa sokoni Dagoretti kiasi kidogo, akakitia kiganjani, na vidole vikasugua unga ule kwa utulivu mkubwa ingawa hapakuwa na pua ya kuupeleka. Namba ishirini na mbili ilikunja ngumi na ilibidi kukandwa kwa mafuta kabla ya kufunguka. Namba tisa ilikuwa ya mtoto wa miaka kumi au kumi na moja. Pingu zake zilikuwa ndogo, zimetengenezwa kwa kipimo hicho makusudi.

"Hizi ni adimu sana," Kiragu alisema. "Kuna jamaa wa Ulaya ananipigia simu kila mwezi juu ya hiyo namba tisa. Nikamwambia hata asahau. Kitu kama hiyo ukiuza huipati tena."

Mikono ya namba tisa ilipenda tupa ya Debra na ilikuwa ikiishika ikakataa kuirudisha. Jumanne iliyofuata alikuja na uzi wa sufu, akaufunga ncha zote mbili na kuupitisha vidoleni. Mikono ikatulia kidogo, kisha ikaanza kuufuma na kuufumua, ikatengeneza nyota, lango, kisha kitu kama kitanda. Mnyororo ulikuwa na pete tatu tu lakini ilitosha.

Ilikuwa Jumanne ya sita alipofika namba kumi na saba akiwa na nafasi ya kuishughulikia vizuri. Ilikuwa mikubwa, ya mkulima, yenye ngozi iliyopasuka kando ya kidole gumba. Debra alipoushika mkono wa kulia, gumba la mkono ule lilipita juu ya vifundo vya vidole vya Debra, kimoja baada ya kingine, kuanzia kidole cha mwisho hadi cha shahada, kisha likarudi kuanza upya. Debra aliweka mkasi chini. Ni mtu mmoja tu aliyewahi kumshika hivyo, shosho, yaani nyanya yake, Virginia, aliyemlea kule Waithaka, na alifanya hivyo Debra alipokuwa na homa. Shosho alisema hajui maana yake. Alifanyiwa hivyo na baba yake.

Debra alisoma kadi. Iliandikwa kwa mwandiko mzuri: Dagoretti, 1954. Chuma cha Birmingham. Ufunguo umepotea. Hali bora kabisa.

Alimaliza kucha zote kumi, akapaka mafuta kwenye mipasuko, na jioni hiyo akamweleza shosho.

Virginia alikuwa na miaka themanini na miwili. Alikuwa na kumi na miwili baba yake, Zachariah, alipochukuliwa shambani akipalilia maharagwe. Hakurudi. Haikuja barua, haukuja mwili, hakuna ofisi iliyokubali kwamba imewahi kumwona. Miaka miwili baadaye, mashamba yalipopimwa upya, shamba lake la ekari tano liliandikwa jina la Chifu Kiragu, na kwenye daftari pakawa na alama ya kidole gumba inayosema Zachariah ameridhia. Mama yake Virginia alikwenda kuuliza mtu aliye kizuizini ameridhia lini, akaambiwa arudi Jumatatu. Virginia alikuwa na nakala ya karatasi ile, iliyopatikana kwa taabu sana miaka ya sabini. Aliiweka ndani ya karatasi ya nailoni, chini ya godoro.

"Ako aje?" aliuliza.

"Ako mzima, shosho. Kucha zilikuwa ndefu tu."

"Hakuwa mtu wa kukaa na kucha ndefu," Virginia alisema, na akaanza kutafuta sweta yake nzuri.

Jumanne iliyofuata alipanda lifti hadi orofa ya saba, akasalimiana na Kiragu, aliyefurahi kupata mgeni, na kwenda moja kwa moja ukutani. Aliishika mikono ya namba kumi na saba. Gumba likapita juu ya vifundo vyake, likasimama katikati, likarudi. Mkono wa pili ukapanda ukamgusa kichwani, ukapima urefu wake, ukashuka hadi begani.

"Ndiyo, nimekua," Virginia alimwambia. "Mama alienda mwaka wa themanini na tatu. Ng'ombe walichukuliwa. Mimi niko sawa."

Alikaa kwenye kiti cha kulia chakula, ameishika mikono ile, mpaka Debra alipomaliza yote hamsini na tisa. Kiragu aliwapiga picha, akaomba ruhusa kwanza. Kabla ya kuondoka Virginia alitoa kwenye kiondo chake kibweta cha wino, akalibonyeza gumba la kulia la baba yake juu ya karatasi nyeupe, kisha la kushoto, na kuyafuta yote mawili kwa leso.

Mwangangi alikuwa mzee aliyefanya kazi ya kusoma alama za vidole kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu, na sasa alikuwa na meza katika duka la kupiga chapa mjini. Aliziweka karatasi mbili chini ya lenzi na hakuchukua muda.

"Si mtu mmoja. Hii ya daftari iko na kovu, imekatwa kama mundu." Akasogeza lenzi. "Na hii kovu naijua. Nimeletewa karatasi kama hii na watu wengine wa huko kwenu. Familia kumi, na wewe wa kumi na moja. Kila mtu anakuja na jina yake, lakini kidole ni moja."

Aliandika ripoti ya kurasa mbili akaigonga muhuri. Virginia na Debra waliipeleka kwenye ofisi ya mambo ya mashamba. Karani alikuwa mwanamke mpole aliyevaa sweta ya kijani. Alisoma ripoti yote, jambo ambalo Debra hakulitarajia, akaitikia kwa kichwa.

"Hapa hakuna shida. Inaonekana kabisa hakusaini. Sasa mwenye shamba ako wapi?"

"Kilimani," Virginia alisema.

"Aje yeye mwenyewe na kitambulisho."

"Ni mikono tu," Debra alisema.

"Kama ni mikono tu basi amekufa. Leteni cheti cha kifo, halafu mfungue kesi ya urithi."

"Lakini iko na joto. Hata mshipa unapiga."

Karani alifikiri. Alikuwa anataka kusaidia. "Kama mshipa unapiga siwezi kuandika amekufa. Itakuwa uongo." Alipekua kurasa tena. "Hiyo mikono iko huru?"

"Iko na pingu."

"Sasa ona. Mtu aliyezuiliwa hawezi kushughulika na mambo ya ardhi. Afunguliwe kwanza, halafu mrudi."

Aliwapa namba ya faili na kuwatakia siku njema.

Kwa hiyo Jumanne Virginia aliketi kwenye kochi la Kiragu, Nasimiyu akaleta chai, na mambo yakasemwa. Kiragu alivaa miwani akasoma ripoti ya Mwangangi kwa makini, na kadiri alivyosoma ndivyo uso wake ulivyong'aa. Alipofika kwenye kovu aliinuka, akaenda kwenye kabati, akarudi na kipande cha kazi cha babu yake, chenye picha na alama ya gumba. Kovu lilikuwa pale, limepinda kama mundu.

"Ni guka," alisema. "Alijikata na panga akiwa kijana. Sikuwa najua alitumia hiyo kidole kazi yote hiyo."

Aliiweka ripoti mezani kando ya kipande, akazisogeza zilingane.

"Mama, unajua tuko na nini hapa? Pingu iko, mikono iko, karatasi iko, na kidole ya aliyechukua iko. Hakuna mtu dunia hii ako na seti kamili hivi. Nikuombe kitu. Hiyo nakala yako, niachie niiweke fremu. Nitaandika jina yako hapo chini, 'kwa hisani ya familia'."

"Unakubali guka yako alichukua shamba," Virginia alisema.

"Sana. Imeandikwa hapa."

"Basi rudisha."

Kiragu alivua miwani. Alionekana kusikitika kweli, kama mtu aliyeombwa kitu kilicho dukani kwa jirani.

"Shamba ni mambo mengine, Mama. Hiyo iko kwa kampuni ya familia, kuna wakurugenzi, kuna mabinamu Marekani. Mimi mambo yangu ni historia."

"Basi mfungue."

"Ufunguo ulipotea. Na ukiingiza ufunguo mpya kwa kufuli ya zamani, unaikwaruza ndani. Inakuwa imeharibika."

Virginia alimaliza chai yake. Alisema asante kwa chai. Ndani ya lifti alimwuliza Debra ni nani huwa anazitia mafuta zile pingu, kwa sababu alikuwa ameona kwamba hazina kutu.

Alikuwa fundi wa kufuli aitwaye Balwant, mwenye duka Barabara ya Kirinyaga, ambaye kila baada ya miezi mitatu alikwenda Kilimani na kopo lake la mafuta. Baba yake alikuwa fundi kabla yake na aliwahi kutengeneza kufuli za kambi za kizuizini siku zile. Debra alipomtajia namba kumi na saba, Balwant hakuuliza maswali. Alifungua droo ya chini na kutoa kijitabu kilichochorwa michoro ya funguo kwa penseli, akachagua kipande cha chuma, akaanza kukikata kwa tupa.

"Baba yangu alikuwa anasema kufuli haina makosa," alisema akipuliza unga wa chuma. "Kazi ya fundi ni kufuli ifunge, ni kufuli ifungue. Mambo ya katikati si yake."

"Na wewe, mzee?"

Balwant aliupima ufunguo kwenye mwanga. "Mimi naona hii imekaa sana."

Debra aliuliza kama anaweza kutengeneza na za zile nyingine, hasa namba tisa. Balwant alisema kila moja ina mchoro wake na kijitabu ni kikubwa, aje tena wiki ijayo, atakuwa amezitafuta.

Usiku huo wote wawili, shosho na mjukuu, hawakuzungumza juu ya jambo lililomsumbua Debra, mpaka asubuhi walipokuwa wakivaa.

"Shosho, tukifungua na ipotee? Iende tu, kama ilivyokuja? Hatutakuwa na kitu ya kuonyesha ofisi."

Virginia alikuwa akifunga vifungo vya sweta. "Hiyo shamba nimeikosa miaka sabini, nimezoea kuikosa," alisema. "Yeye anaumia leo."

Ilikuwa saa tisa alasiri, Kilimani. Kiragu alikuwa chumba cha pili akiongea kwenye simu na yule jamaa wa Ulaya. Virginia aliingiza ufunguo mwenyewe, akauzungusha, na pingu ya kulia ikafunguka kwa mlio mdogo safi ambao ungempendeza sana Kiragu. Kisha ya kushoto.

Mikono haikupotea. Ilishuka juu ya meza ya kahawa, mmoja ukaushika mwenzake pale palipokuwa na chuma, ukapasugua. Kisha ikabadilishana. Ilisugua hivyo kwa muda mrefu, bila haraka, na Debra, aliyekuwa ameshika mikono ya wengi waliolia kwenye kiti chake mjini, aligundua kwamba hajui aangalie wapi. Pale palipokuwa na pingu palikuwa na pete ya ngozi iliyopauka, na ndani ya pete hiyo vinyweleo havikuwa vimeota.

Virginia alifungua kiondo na mikono ikaingia yenyewe, ikitembea kwa vidole. Nasimiyu aliwafungulia mlango na kuizuia lifti isijifunge.

Kiragu alipotoka na kuona pingu tupu hakupiga kelele. Alizitazama, akazipiga picha, akaiweka picha kwenye kundi. Kabla ya saa moja kupita ilikuwa imekubalika kwamba namba kumi na saba ndiyo pingu ya pekee duniani ambayo kuachiliwa kwa mfungwa wake kumethibitishwa, kuna mashahidi na ripoti ya mtaalamu. Jamaa wa Ulaya alisahau namba tisa kwa muda. Kiragu aliandika kadi mpya na kumtumia Debra ujumbe wa kumshukuru. Wiki hiyohiyo aliita mafundi wakafunika ukuta wote kwa kioo kinene, akamwambia Balwant kwamba huduma yake haitahitajika tena, kwa sababu mikono ikiachiliwa ovyo kila mtu atakuwa na pingu kama hiyo, na thamani yake itatoka wapi? Kioo kilitobolewa matundu ya duara, kama dirisha la karani, ili kucha ziendelee kukatwa.

Karani wa sweta ya kijani aliipokea mikono vizuri. Aliisalimia yote miwili, wa kulia kwanza. Alithibitisha kwamba haina pingu na akaandika hivyo kwenye faili. Kisha akawageuzia kamera iliyokuwa mezani na kueleza kwamba mtambo hauwezi kwenda ukurasa wa pili bila uso. Alijaribu mara tatu. Mara ya tatu mtambo ulipiga picha ya ukuta nyuma ya mikono na kuikataa. Alisema suala hilo atalipeleka juu.

Zachariah akakaa Waithaka. Siku ya kwanza alimenya viazi vyote vilivyokuwamo nyumbani. Siku ya pili alipalilia ile bustani ndogo ya sukuma nyuma ya jiko, akaimaliza, akaingia ya jirani, naye jirani akashukuru. Siku ya tatu alipita chini ya lango la zile nyumba za orofa nne za rangi ya krimu, zilizo upande wa pili wa barabara, ambako zamani palikuwa na maharagwe.

Ajwang, mlinzi na msimamizi wa nyumba zile, aliikuta mikono ikipalilia maua kando ya maegesho ya magari. Aliitazama kwa robo saa. Ilikuwa iking'oa magugu na mizizi yake na kuyapanga kwa mafungu, na haikuwa imeharibu ua hata moja. Ajwang alikuwa mtu wa haki. Alivuka barabara akamwuliza Virginia kama huyo kibarua ni wa kwake, na kama anaweza kuja kila siku, saa mbili hadi saa kumi. Alisema wenye nyumba watafurahi kwa sababu hahitaji kupewa chakula cha mchana.

"Umwulize mwenyewe," Virginia alisema.

Ajwang alimwuliza. Mikono iliendelea kupalilia, na hilo likachukuliwa kuwa ndiyo.

Hivyo kila siku Virginia hubeba kiti cha plastiki akaketi nje ya lango, upande wa barabara, mahali anapoweza kumwona baba yake akifanya kazi kwenye shamba lake. Humwambia habari. Nani ameoa, nani amehamia Kitengela, bei ya mbolea. Saa kumi mikono hutoka chini ya lango, naye huibeba nyumbani, na Jumamosi Debra huishughulikia kwenye ngazi ya mlango. Juma la kwanza alichokora udongo mwekundu uliojaa chini ya kucha na kutaka kuumwaga. Virginia alimzuia. Alileta kopo tupu la majani ya chai akamwambia autie humo.

Jumamosi kumi baadaye kopo lilikuwa limejaa hadi nusu. Virginia alipanda humo punje mbili za maharagwe, na moja ikaota.

Jumanne Debra bado huenda Kilimani. Huingiza mikono yake kwenye matundu ya kioo na kutengeneza kucha za mikono hamsini na saba iliyobaki, mmoja baada ya mwingine, namba nne na ugoro wake, namba ishirini na mbili na ngumi yake. Namba tisa hupitisha uzi kwenye tundu ili Debra ashike upande wa pili, nao hufuma pamoja mpaka Kiragu anapokohoa kuonyesha kwamba muda umekwenda.

Mwezi wa kumi na moja, mabinamu wa Marekani walikuja kutazama mali yao. Mmoja wao alimwona Virginia akipokea mikono langoni na kuikung'utia kucha ndani ya kopo, ambalo sasa alikuja nalo, akaulizia, akaelezwa. Hakukasirika. Alimwambia Ajwang tu kwamba udongo ni mali ya kampuni. Kesho yake pakabandikwa tangazo kando ya mfereji, limeandikwa kwa herufi kubwa na kufunikwa kwa nailoni kwa ajili ya mvua: VIBARUA WOTE WANAWE MIKONO KABLA YA KUTOKA.

Ajwang aliufungua mfereji mwenyewe, kwa sababu ulikuwa mgumu, na akatoa sabuni yake. Mikono ilinawa. Ilinawa vizuri, mmoja ukimsugua mwenzake hadi chini ya kila ukucha, na maji mekundu yakapita kwenye saruji, yakazunguka magurudumu ya magari, yakarudi kwenye maua. Kisha ikapita chini ya lango, safi, ikitona maji. Virginia aliinuka kwenye kiti chake, akaivuta mapajani mwake, na kuanza kuikausha kwa pindo la sweta, kidole kimoja kimoja, kuanzia cha mwisho.